Matumbawe laini yanakula nini, na mwani ulio ndani yake una kazi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tumbawe laini ni mnyama mwenye mpangaji. Mpangaji huyo ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, na kodi anayolipa ni sukari. Matatizo mengi ya kufuga matumbawe haya huanzia kwenye dhana kwamba kodi hiyo inatosha kuendesha nyumba nzima. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya tangi la maji ya bahari; maelezo ya maumbile ni yaleyale, tumbawe likiwa kwenye mwamba baharini au nyuma ya kioo.

Tumbawe gani huitwa laini?

Hesabu minyiri. Polipu moja ya tumbawe laini, yaani mmoja wa viumbe vidogo wengi wanaounda tumbawe, ina minyiri minane, na kila mnyiri una vijitawi pande zote mbili, kama unyoya wa ndege. Halina mifupa ya mawe kama tumbawe gumu. Nyama yake hushikiliwa na vijimiba vidogo vya chokaa pamoja na shinikizo la maji yaliyojaa mwilini. Ndiyo maana linaweza kusinyaa likabaki robo ya ukubwa wake na kesho yake likasimama tena.

Yanayofugwa zaidi ni Sarcophyton, Sinularia, Lobophytum, Xenia, Capnella, Clavularia na Briareum. Gorgonia, yale yenye umbo la upepeo au fagio, nayo ni wa ukoo huohuo wa minyiri minane.

Na Discosoma, Ricordea na Zoanthus?

Wauzaji huyaweka kundi moja na matumbawe laini, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na matumbawe magumu. Tofauti hiyo ina maana wakati wa kulisha: Rhodactis, jamaa ya Discosoma, hufunga mwili wake kama mfuko na kumeza kipande kizima cha uduvi, jambo ambalo Sarcophyton haiwezi. Palythoa, jamaa ya Zoanthus, inahitaji tahadhari ya peke yake kwa sababu hubeba palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapoishika au kuikata, na kamwe usichemshe jiwe lililoota Palythoa, maana mvuke wake umewapeleka watu hospitalini.

Mwani huo unakaa sehemu gani ya mwili?

Ndani ya seli zenyewe. Ukuta wa polipu una tabaka mbili za seli, ya nje na ya ndani, na kati yake kuna utando mzito kama jeli. Mwani hukaa kwenye seli za tabaka la ndani, lile linalozunguka uwazi wa tumbo, na kila seli ya mwani hufungwa kwenye kifuko chake. Kipenyo cha seli moja ni takriban mikromita 10, na sentimita moja ya mraba ya tumbawe inaweza kubeba zaidi ya milioni moja.

Zamani mwani wote huu uliitwa Symbiodinium. Mwaka 2018 ukoo huo uligawanywa upya, na sasa majina yanayotumika ni Symbiodinium, Breviolum, Cladocopium, Durusdinium na mengineyo. Durusdinium hustahimili joto kuliko wenzake wengi, lakini kwa kawaida humpa mwenyeji wake chakula kidogo zaidi.

Wanapeana nini hasa?

Mwani hutumia mwanga kuunganisha kaboni dioksidi na maji, ukatengeneza sukari, gliseroli na mafuta. Sehemu kubwa ya hivyo huvuja na kuingia kwa mnyama. Kwa matumbawe magumu ya maji ya kina kifupi, vipimo vya kaboni inayohamia kwa mwenyeji vimewahi kupita asilimia 90. Oksijeni nayo hupatikana papo hapo, mchana.

Mnyama kwa upande wake hutoa makazi, kaboni dioksidi ya pumzi yake, na uchafu wake, hasa amonia. Kwa mwani, amonia ni mbolea. Kwa hiyo nitrojeni ambayo mnyama mwingine angeitupa majini, tumbawe huizungusha ndani kwa ndani. Huo ndio ujanja unaoyawezesha matumbawe kustawi kwenye maji maangavu yasiyo na rutuba.

Lakini angalia kinachotoka kwa mwani: ni nishati karibu tupu. Sukari haijengi nyama. Protini inahitaji nitrojeni, na utando wa seli unahitaji fosforasi. Kuzungusha vilivyomo ndani hakuongezi kitu kipya, na tumbawe linalokua linahitaji kitu kipya. Hicho huletwa na chakula, au na nitrati na fosfati zilizoyeyuka majini.

Taa yangu ni nzuri. Bado nilishe?

Inategemea tumbawe na tangi. Kwa jumla, mwani wa tumbawe laini humlipa mwenyeji wake kidogo kuliko ule wa tumbawe gumu. Wanasayansi walipopima matumbawe laini ya miamba ya Australia katika miaka ya 1990, waligundua kwamba kwa spishi nyingi usanisinuru wa mchana haukufidia pumzi ya mchana na usiku. Pengo hilo lilipaswa kuzibwa kwa kula.

Tangi lenye samaki wanaolishwa kila siku huziba sehemu kubwa ya pengo bila wewe kujua. Vumbi la chakula cha samaki, mkojo wao, viumbe vidogo vya majini na kamasi zinazoelea, vyote hufika kwenye polipu. Sarcophyton na Sinularia huweza kuishi miaka mingi hivyo. Tangi lisilo na samaki, lenye kitoa povu kikubwa (kifaa kinachoondoa uchafu majini kwa povu) na maji yaliyochujwa yakang'aa, ndilo linalolaza matumbawe njaa chini ya taa kali.

Linakamataje chakula?

Kwa kuchuja zaidi kuliko kuwinda. Tumbawe laini lina seli za kuchoma, ila ni ndogo, chache na dhaifu. Kiumbe anayeogelea kwa nguvu humponyoka. Vile vijitawi vya pembeni ya minyiri hufanya kichungio: maji yakipita, chembe hunasa kwenye kamasi, mnyiri hukunjwa kuelekea mdomoni, na mfereji wenye nywele ndogo hushusha chakula tumboni. Polipu zote za koloni zimeunganishwa kwa mirija, hivyo iliyoshiba upande wa mkondo huwagawia walio nyuma.

Njia ya pili haionekani kabisa: tumbawe hufyonza viini vilivyoyeyuka, kama asidi za amino, moja kwa moja kupitia ngozi.

Chakula kiwe na ukubwa gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uduvi wa Artemia aliyeanguliwa leo ana urefu wa karibu mikromita 400 hadi 500, tena anaogelea. Kwa polipu ya Sinularia huyo ni jitu. Rotifa, vijidudu vya majini vyenye mikromita 100 hadi 300, wanafaa zaidi, na hata hao ni kwa spishi zenye polipu kubwa kama Clavularia. Mayai ya chaza yana mikromita 50 hivi na hayakimbii, kwa hiyo ni chakula kizuri sana. Chini ya hapo ni mwani wa kuelea: Tetraselmis, karibu mikromita 10, Isochrysis karibu 5, na Nannochloropsis 2 hadi 4.

Chakula cha unga kiwe laini kiasi cha kutia maji ukungu. Ukiona punje moja moja zikizama, ni kubwa mno.

Nilishe kwa utaratibu gani?

Chagua saa ambayo polipu zimefunguka, si saa inayokufaa wewe. Spishi nyingi hufunguka vizuri taa zikianza kufifia.

1. Zima kitoa povu, taa ya UV na kichujio cha soksi. Acha pampu ya mkondo iende taratibu. Ukizima mkondo wote, chakula kitazama, na tumbawe linalochuja halipati kitu kwenye maji yaliyosimama.
2. Chota maji ya tangi nusu kikombe, changanya chakula, subiri dakika 5 kilowane.
3. Kitoe kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, sentimita 15 hadi 20 kabla ya tumbawe upande mkondo unakotokea, kidogo kidogo kwa dakika 5. Usilirushie tumbawe moja kwa moja, litajifunga.
4. Subiri dakika 30 hadi 60, kisha washa vyote. Kitoa povu kinachosahaulika kikiwa kimezimwa usiku kucha baada ya kulisha ni njia ya haraka ya kupunguza oksijeni tangini.

Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara 2 kwa wiki. Baada ya wiki mbili pima nitrati na fosfati. Kama hazijapanda na polipu zinafunguka, ongeza hadi mara 3 au 4.

Maji yangu yana nitrati sifuri na fosfati sifuri. Si ndiyo usafi?

Hapana. Sifuri kwenye kipimo maana yake mwani uliomo ndani ya tumbawe umekosa mbolea. Tumbawe hufifia, nyama hupungua, na ukuaji husimama. Lenga nitrati miligramu 5 hadi 15 kwa lita, na fosfati 0.03 hadi 0.1.

Uwiano nao una maana. Nitrati nyingi pamoja na fosfati isiyopimika ni mchanganyiko mbaya kuliko zote mbili kuwa chini kidogo: mwani huchochewa kuzaana kwa nitrojeni huku ukikosa fosforasi ya kujengea utando wake, na tumbawe la namna hiyo hupauka upesi joto au mwanga ukizidi. Wanaomwaga kiondoa fosfati kila mwezi kwa mazoea, bila kupima, hujitengenezea tatizo hili wenyewe.

Mwanga kiasi gani?

Kwa kipimo cha PAR, yaani mikromoli za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde: Discosoma 30 hadi 80, Sarcophyton, Xenia na Clavularia 80 hadi 150, Sinularia, Lobophytum na gorgonia zenye mwani 100 hadi 200. Saa 8 hadi 10 za mwanga kamili kwa siku zinatosha. Kuongeza saa hakufidii taa dhaifu, na mwani unahitaji giza.

Tumbawe jipya lianze kwenye nusu ya mwanga unaokusudia, upandishe kidogo kila siku 4 au 5, ufike baada ya wiki 3. Mwani hubadilisha rangi zake za kunasa mwanga taratibu. Ukiurusha ghafla kwenye mwanga mkali, hunasa nishati kuliko unavyoweza kuitumia, na ziada hiyo hugeuka oksijeni yenye sumu ndani ya seli.

Shina likirefuka na kuinama kuelekea taa, mwanga ni mdogo. Kichwa kikipauka juu huku chini kikibaki na rangi, ni mwingi.

Tumbawe langu lilikuwa kijani, sasa ni kahawia. Limeugua?

Kwa kawaida hapana. Kahawia ni rangi ya mwani wenyewe. Kijani, waridi na zambarau hutokana na protini za mnyama. Mwanga ukipungua au mbolea ikizidi, mwani huongezeka na kufunika rangi za mwenyeji. Tumbawe la kahawia lililofunguka vizuri mara nyingi lina afya kuliko lile la rangi nyangavu linalokaribia kupauka. Ni suala la sura, si la uhai.

Limegeuka jeupe. Limekufa?

Bonyeza kidogo kwa kidole chenye glavu. Likisinyaa, li hai. Limempoteza mpangaji tu.

Joto likipanda, mitambo ya usanisinuru ndani ya mwani huharibika na kuanza kumwaga oksijeni yenye sumu ndani ya seli za mnyama. Mnyama huutoa mwani nje, au huumeng'enya, kabla hajaungua. Baharini, nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la miezi ya joto kali, likikaa majuma kadhaa, linatosha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, 2016 na tena 2023 hadi 2024, miamba ilipopauka katika bahari zote za tropiki, na matumbawe laini hayakusalimika.

Kwenye tangi, rudisha joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, ukishusha karibu nyuzi 1 kila saa chache. Punguza mwanga uwe nusu. Hakikisha chumvi ni 35 kwa elfu, na upime kwa refraktomita iliyosahihishwa, kwa kuwa hidromita ya kuelea hudanganya. Kisha lisha kila siku kwa chembe ndogo na kipimo kidogo: sasa tumbawe halina sukari ya mwani, linakula akiba ya nyama yake. Seli chache za mwani zilizosalia huanza kuzaana, na rangi hurudi kwa wiki 3 hadi miezi michache. Kosa la kawaida katika kipindi hiki ni kuongeza taa "ili mwani urudi". Taa ndiyo iliyosaidia kuufukuza.

Sarcophyton imejifunga siku 5 na ngozi inang'aa kama nta. Nifanye nini?

Iache. Inabadilisha ngozi, na kwa njia hiyo hutupa mwani wa nje, bakteria na uchafu ulioigandia. Huchukua siku chache hadi wiki mbili. Elekeza mkondo kidogo zaidi ili utando ung'oke, na usilishe kwa kuwa polipu zimefungwa. Wasiwasi uanze ukiona shimo, jeli ya kahawia au harufu ya kuoza. Hapo kata sehemu mbovu kwa wembe safi hadi kwenye nyama nzima, utoe kipande kilichokatwa, na uweke mkaa ulioamilishwa mpya siku hiyohiyo.

Kwa nini Xenia hufumba na kufumbua minyiri bila kupumzika?

Si kwa ajili ya kukamata planktoni. Mwaka 2013 watafiti walioichunguza Heteroxenia fuscescens ya Bahari ya Shamu walionyesha kwamba mapigo hayo husukuma mbali maji yaliyojaa oksijeni yanayozunguka polipu. Oksijeni ikirundikana, huzuia kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi. Ikiondolewa, usanisinuru wa mwani hupanda sana. Kwa maneno mengine mnyama hutumia misuli yake kumpigia mpangaji feni, na faida inazidi gharama. Mchana wa alasiri huwa anapumzika kidogo.

Xenia iliyoacha kupiga kwa siku nzima ni dalili ya maji, si ya njaa. Pima pH (8.1 hadi 8.4), ugumu wa kaboneti (8 hadi 10 dKH) na chumvi. Wakati mwingine mkondo ni mkali mno, ukafanya kazi ya feni badala yake.

Yale matumbawe mekundu na ya machungwa kama Dendronephthya yanahitaji taa gani?

Hayahitaji. Hayana mwani kabisa, rangi yake ni ya vijimiba vyake, na huishi kwa kula pekee. Mwaka 1995 Katharina Fabricius, Yehuda Benayahu na Amatzia Genin walionyesha kwamba Dendronephthya hemprichi ya Bahari ya Shamu hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa fitoplanktoni, yaani mwani wa kuelea, jambo lililowashangaza waliozoea kumwona tumbawe kuwa mla nyama. Scleronephthya na gorgonia kama Menella na Swiftia nazo hazina mwani.

Ushauri wetu kwa anayeanza: usiinunue Dendronephthya. Hufa pole pole kwa miezi miwili au mitatu, ikisinyaa kila wiki, hata kwa wenye uzoefu. Anayesisitiza anahitaji pampu ndogo ya kudondosha chakula kila saa moja au mbili, mchana na usiku. Chakula kihifadhiwe kwenye jokofu dogo kwa sababu huoza. Abadili maji asilimia 20 kila wiki ili uchafu usirundikane. Na mkondo wa sentimita 10 hadi 20 kwa sekunde. Kuupima mkondo ni rahisi: achia punje ya chakula na uhesabu muda inapopita sentimita 20. Sekunde 1 hadi 2 ni sawa. Menella huvumilia zaidi, anzia nayo.

Tumbawe mchanga hupata wapi mwani wake?

Kwa spishi nyingi, majini. Yai na buu huanza bila mwani, kisha polipu changa humeza seli zinazoelea na kuzihifadhi badala ya kuzimeng'enya. Litophyton arboreum ni tofauti: mama humpa buu mwani kabla hajaondoka. Kipande ulichokikata kutoka kwenye koloni hakina shida hiyo, kimeshabeba mwani wa mzazi.

Niongeze iodini?

Usiongeze usichokipima. Kubadili maji asilimia 10 kwa wiki hurudisha kiasi kinachotumika.

Tumbawe gumu lililo jirani linaanza kufa. Laini linahusika?

Huenda. Lisilo na silaha kali za kuchoma hupigana kwa kemikali: Sarcophyton, Lobophytum na Sinularia hutoa majini viini vya jamii ya terpeni, vinavyowadhoofisha majirani hata bila kugusana. Acha nafasi ya sentimita 15 au zaidi, wasipangwe kwenye mstari mmoja wa mkondo, na weka mkaa ulioamilishwa gramu 30 hadi 50 kwa lita 100, ubadilishwe kila wiki 3 au 4. Baada ya kukata vipandikizi badilisha mkaa mara moja, kwa kuwa jeraha humwaga viini hivyo kuliko siku ya kawaida. Na usiweke kipandikizi kilichokatwa leo kwenye tangi la lita 40 lenye matumbawe magumu, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.